Viatu Vimefika

Gereji, 6 Januari

Kwa mpwa wangu Kisulisuli,

Huku hatujambo, na wanaoumwa wanaumwa vitu vya kawaida. Mama yako, dada yangu yule asiyeshindwa na mtu, amegombana na fundi wa mapazia. Yeye anasema pazia moja ni fupi kuliko mwenzake, fundi anasema dirisha ndilo lililopinda. Niliitwa na futi yangu nikapime. Dirisha kweli limepinda, lakini sikuthubutu kulisema mbele yake. Mkaza mjomba wako anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Nilimwambia picha yenyewe ni ya uso tu, akasema kukonda huanzia usoni.

Haya. Uliandika kwamba umepona. Mimi neno hilo silisomi tu nikaliacha, nalifanyia kazi. Jana nilivua turubai. Ile pikipiki yangu ya mbio, ambayo ulijifunzia kubadili gia ukiwa bado unakalia mto ili ufikie usukani, imesimama nyuma ya gereji miaka yote hii mpaka mkaza mjomba wako akaigeuza pahali pa kuanikia matambara. Anaiita mke mwenza.

Hali yake si nzuri, na wala haijanitisha. Tangi lina kutu ndani. Kabureta zote nne zimeganda petroli ya zamani. Breki za mbele zimekwama. Nyigu walijenga ndani ya ekzosi, wakaishi, wakahama. Lakini injini niliizungusha kwa mkono, taratibu, ikazunguka. Silinda zote nne zina pumzi. Nikasema basi, huyu hajafa, alikuwa amenuna.

Jumamosi ya mwisho ya Juni uwanja wa mbio unafungua siku ya pikipiki za zamani. Wanasema si mashindano, ni mizunguko tu. Wewe na mimi tunajua hakuna kitu kinachoitwa mizunguko tu. Nataka uwe juu yake siku hiyo. Tangu ulipoanguka mwaka jana hujapanda chochote cha magurudumu mawili, na timu yako imempa nafasi mtu mwingine. Sawa, hayo ni yao. Hii ni yetu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu vipimo vya kwenye simu hupotea. Barua naitundika msumarini juu ya meza ya kazi, naisoma hata mikono ikiwa na mafuta. Halafu wewe kwenye simu unaongea haraka, unanieleza kila kitu isipokuwa nilichouliza. Kwa hiyo niandikie: kutoka nyonga hadi goti, goti hadi kisigino, na urefu wa unyayo. Miguu yote miwili, kila mmoja peke yake. Pikipiki ya mbio haijengwi kwa mtu yeyote tu. Inashonwa kama suruali.

Mjomba wako, mwenye kucha nyeusi tena


29 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Barua yako ilinikuta kazini, nikaisomea chooni kama mwanafunzi. Nilipofika pale injini ilipozunguka nilipiga kelele, mpaka mtu wa choo cha pili akaniuliza kama niko salama. Nimjibu nini? Nilimwambia nina mjomba.

Mimi mzima. Bado niko karakana ya miwani, nasaga vioo kutwa nzima, nimekaa. Kazi ni nzuri, ina utulivu. Msimamizi wetu huvaa miwani aliyoisaga mwenyewe, ndiyo maana haoni tunapochelewa. Nimehama chumba. Kile cha ghorofa ya tatu kilikuwa na joto sana, nimechukua cha chini, kando ya pampu ya maji. Ikiwaka, vikombe vinagongana kwenye rafu. Nimeshazoea. Mwambie mkaza mjomba sijakonda, mpiga picha ndiye aliyekuwa na haraka.

Vipimo ndivyo hivi: nyonga hadi goti sentimita arobaini na nne, goti hadi kisigino arobaini na sita, unyayo ishirini na tano. Nimepima mguu wa kulia, wa kushoto ni pacha wake. Mguu ni mguu, Mjomba.

Nimepona kabisa. Daktari ameniachia, sina miadi naye tena. Nimenunua hata viatu vipya vya kuendeshea, vile virefu vya ngozi, na natembea navyo kila siku kwenda kazini ili vilainike kabla ya Juni. Watu wananitazama. Waache watazame.

Rangi, tafadhali, isiwe nyekundu. Wote wanapaka nyekundu wakidhani inaongeza mwendo. Na mama usimwambie kitu. Atakuja kulala mlangoni mwa gereji.

Kisulisuli wako


Gereji, 17 Februari

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa wote, pamoja na jirani yetu mshona viti, ambaye anakutengenezea kiti cha ngozi nyembamba na hajui bado kwamba anakitengeneza bure. Mama yako mzima. Pazia limeongezwa kipande chini, sasa refu ni lile lililokuwa fupi.

Kwangu nyumbani kulikuwa na hali ya hatari wiki moja. Nilichemsha kabureta kwenye maji ya ndimu, ndani ya sufuria ya mkaza mjomba wako, ile kubwa. Kabureta zimetoka zinang'aa. Sufuria haikutoka vizuri, na mimi vilevile. Nimenunua nyingine, anasema haina sauti ya ile ya kwanza.

Tangi nililijaza siki na nati chakavu, nikalitikisa mpaka kiuno kikaniomba huruma. Ndani sasa ni chuma kitupu. Breki nimezifungua, nimeweka mipira mipya, zinashika kwa kidole kimoja. Springi za mbele nimebadilisha, nimeweka ngumu zaidi, maana zile za zamani zilikuwa zinainama kila ukishika breki, utadhani zinasalimia. Taa, vioo, honi, indiketa na stendi vyote nimeng'oa, uwanjani havina kazi. Kwenye rejeta hakuna dawa ya kupozea, maana huteleza, ni maji matupu, ili ikipasuka isimwangushe mwenzako. Nati ya kumwagia mafuta nimeifunga kwa waya isije ikafunguka kwenye mbio. Imepungua uzito mpaka naiinua nyuma peke yangu.

Ile karatasi ya vipimo nimeitundika. Ila kuna kitu kimoja zaidi. Unajua mashine hii kuipandisha gia unaingiza ncha ya mguu wa kushoto chini ya pedali, unainua. Kiatu kikiwa kinene na pale chini pakakosa nafasi, gia haipandi, unabaki unapiga teke hewa. Hivyo viatu vipya unavyojivunia, nitumie. Vile vile unavyotembea navyo. Nivipime juu ya pedali, nitakurudishia.

Usichelewe, upande wa kushoto siufungi mpaka viatu vyako vifike.

Mjomba


28 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na usinikasirikie kwa kuchelewa. Kazini tulipata oda ya shule nzima, watoto wote wana macho mabovu kwa mpigo mmoja. Halafu nikawa na mafua. Halafu nikatafuta boksi la kutosha viatu, sikulipata. Sababu zote hizi ni za kweli, mojamoja.

Viatu nimevipakia leo kwenye basi. Nimevipiga rangi mara mbili na kuvifuta kwa kitambaa cha miwani ili usinione mchafu. Havina haja ya kukaa sana huko, pima tu unirudishie.

Nilikuwa nawaza jambo, usilichukulie vibaya. Yule muuza vipuri, mteja wako, si anajua kuendesha? Ni mwepesi, na yuko hapohapo karibu, unaweza kumpima kila siku. Mimi huku niko mbali, ruhusa ni ya shida, na pikipiki nzuri haifai kumsubiri mtu. Ungemjengea yeye mwaka huu, mimi nikaja kutazama tu. Hata kutazama kuna raha yake.

Swali moja la kijinga, la utani tu: hivi mtu anaweza kumaliza uwanja mzima kwa gia ya tatu peke yake, bila kubadili?

Mama aliniandikia kuhusu mapazia, kurasa mbili. Nimemwambia anunue dirisha.

Kisulisuli


Gereji, 12 Aprili

Mpwa wangu,

Viatu vimefika. Vinang'aa.

Jibu la swali lako: hapana. Utatumia gia zote sita.

Muuza vipuri nimemweleza pendekezo lako, amecheka, mimi sikucheka. Ile pikipiki ina mwenyewe.

Kazi inaendelea. Usukani nimeuteremsha, kiti kimekuja, kimekaa vizuri, na mshona viti ameshajua kwamba ni cha bure. Jana niliiwasha kwa mara ya kwanza. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikakohoa tena, halafu silinda ya nne nayo ikaitikia, na mlango wa bati ukaanza kutetemeka. Mkaza mjomba wako alitoka na mwiko mkononi kuja kunigombeza. Akasimama. Akasikiliza. Akarudi ndani na mwiko wake, na kwa mtu huyo hiyo ni sifa kubwa.

Viatu nitakaa navyo kidogo. Upande wa kushoto wa pikipiki usiniulize, nina jambo langu pale.

Kula vizuri.

Mjomba


Gereji, 19 Mei

Mpwa wetu,

Mimi mkaza mjomba wako ndiye ninayeshika kalamu. Mwenyewe amekaa hapa kwenye kiti ananiambia cha kuandika. Maneno ni yake, mwandiko ni wangu, makosa tugawane.

Anasema: hatujambo wote. Kifundo cha mkono wa kushoto kimeteguka kidogo, na unajua yeye huandikia kushoto. Alijikwaa. Anasema: ganda la plastiki la upande wa kushoto wa pikipiki lina mkwaruzo, si kitu, litapakwa rangi ya buluu kama lote. Anasema: kuna kosa dogo amelivumbua na analirekebisha, na Juni iko palepale. Anasema ninaandika polepole. Hilo nimeliandika ili lijulikane.

Sasa ametoka kumfungulia mteja geti. Naandika yangu haraka.

Mjomba wako hakujikwaa. Jumapili aliisukuma pikipiki mpaka kwenye kiwanja cha ghala la nafaka, siku hiyo malori hayaingii. Nikampelekea chai. Nikamkuta amekaa juu ya kreti, anajifunga mguu wa kushoto kwa mpira wa tyubu, ameuvuta unyayo kwa nyuma mpaka ncha ikawa inatazama chini na hawezi kuiinua. Nikamuuliza, "We mzee, unacheza mchezo gani?" Akaniambia, "Nataka nijue mguu usioinuka unaendeshaje." Nikamuuliza mguu wa nani. Akavaa helmeti, na mwenye helmeti hasikii.

Alizunguka kiwanja vizuri tu. Anabadili gia sijui kwa kisigino, sijui vipi, mimi sikuelewa, ila pikipiki ilikuwa inaimba na nikaanza hata kujisikia fahari. Halafu kwenye kona ya kushoto kisigino kikagusa kitu, pikipiki ikashtuka, wote wawili wakalala chini. Nilimkimbilia. Cha kwanza alichosema si "nimeumia." Alisema, "Iko karibu mno na kisigino."

Na viatu vyako amevipindua mezani, soli zinatazama dari. Hataki vifutwe wala viguswe. Akiwa anakunywa chai anavitazama. Mimi sijui soli zina nini, labda wewe unajua. Anarudi. Naishia hapa.

Mkaza mjomba


2 Juni

Mjomba,

Salamu nitazitoa mwisho, leo sina subira nazo.

Nilikasirika. Niliisoma barua ya mkaza mjomba mara mbili, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro. Nilisema mzee huyu amenichungulia. Kesho yake asubuhi nikachukua viatu vyangu vingine, hivi vya kila siku, nikavigeuza. Cha kulia hakina neno. Cha kushoto ncha yote ya soli imelika, imebaki nyembamba, unaweza kuitoboa kwa kidole. Naiburuza barabara nzima, na sikuwahi kutazama chini. Nilikutumia viatu nilivyovipiga rangi juu! Mjomba, hata mwizi wa kuku ana akili zaidi.

Basi ni hivi. Mguu wa kushoto hauinuki. Goti ni zima, kisigino nakikandamiza kwa nguvu zangu zote, lakini ncha haiendi juu hata kiasi cha unene wa kucha. Ule mshipa wa fahamu uliobanwa siku niliyoanguka. Daktari aliniachia kweli, lakini aliniachia kwa sababu hakuna alichobakiza cha kufanya. Chumba cha ghorofani hakikuwa na joto. Niliporomoka kwenye ngazi nikiwa na ndoo ya maji, nikahama wiki hiyohiyo.

Nimelaza mpini wa ufagio juu ya matofali mawili, naketi kitandani, naingiza mguu chini yake, najaribu kuuinua. Nimefanya hivyo tangu Februari. Swali la gia ya tatu halikuwa utani.

Unataka kujua kwa nini nilikuficha. Tangu nianguke kila mtu ananisemesha kwa sauti ya chini. Mama, msimamizi, hata wale wa timu waliokuja kuniambia wamempata mwingine. Wewe peke yako uliendelea kunipigia kelele. Uliandika nitakuwa juu yake siku hiyo, hukuandika ukiweza, wala ukijisikia. Nikaona nikikuambia, na wewe utashusha sauti. Nisingeweza kuvumilia hilo.

Umejifunga mguu kwa ajili yangu, ukaanguka. Nimelia, na sikuwa na petroli ya kusingizia.

Ruhusa nimepata. Nakuja siku tatu kabla. Naogopa, na si kuanguka ninakoogopa. Naogopa kukaa juu yake mbele yako, nikanyage hicho ulichokitengeneza, kisifanye kazi, nikuone usoni.

Sasa salamu: mkono wako unaendeleaje?

Kisulisuli


Gereji, 9 Juni

KISULISULI!

Nimeandika kwa herufi kubwa ili ujue sijashusha sauti. Mkono umepona, unaona mwandiko. Ungemuuliza mkaza mjomba wako kama nimewahi kushusha sauti hata mara moja, angekujibu bila kunitetea.

Nilijua siku kifurushi kilipofika. Kila mwendesha pikipiki ya namna hii ana alama juu ya kiatu cha kushoto, pale ncha inapoinua pedali. Vyako ni vipya, nikategemea kutoiona. Nikavigeuza tu kwa mazoea, kuangalia soli zinashika vipi. Nikakaa kwenye kreti. Nililia kidogo, na mimi petroli ilikuwepo. Halafu nikachukua futi.

Sikukuambia kwa sababu hukuniambia. Mguu ni wako, na habari zake ni zako kuzitoa. Yangu ni pedali.

Sasa sikiliza. Umewahi kuzitazama pikipiki za wapeleka mikate? Pedali yao ya gia ina masikio mawili. La mbele unalikanyaga kwa ncha ya mguu, gia inashuka. La nyuma unalikanyaga kwa kisigino, gia inapanda. Hakuna kuinua kitu. Wanaendesha hivyo kutwa nzima na makreti mgongoni, na hakuna anayewaonea huruma. Kwenye pikipiki ya mbio sijawahi kuiona pedali hiyo, lakini sijaona pia sheria inayoikataza. Nikaichonga mwenyewe.

Kosa langu lilikuwa hili: kwenye mbio mwendeshaji anapolala kona ya kushoto, kisigino chake kinashuka. Sikio la nyuma lilikuwa palepale linakisubiri. Ndilo lililonilaza. Sasa nimelikata, nimelipandisha na kulisogeza ndani, karibu kabisa na mwili wa pikipiki. Kisigino hakilifikii mpaka ukigeuze ndani kwa kusudi lako. Kikanyagio cha kushoto nacho nimekipandisha na kukiwekea ukingo mbele, ncha ya kiatu isining'inie ikalamba lami.

Sijaijaribu. Mkaza mjomba wako ameficha ufunguo na hababaiki. Kwa hiyo atakayejua kama inafanya kazi ni wewe. Ikikataa, utaniona usoni, na utamwona mtu anayetafuta msumeno. Tutakata upya, tuna siku tatu.

Sharti langu ni moja. Mama yako mwambie wewe mwenyewe. Mimi namwogopa.

Mjomba


7 Julai

Mjomba wangu, na mkaza mjomba, na mke mwenza aliyepakwa buluu,

Nimefika salama. Basi lilichelewa, vikombe nimevikuta vyote rafuni isipokuwa kimoja ambacho pampu imekimaliza. Msimamizi ameniuliza mbona nasaga vioo huku natabasamu. Nimemwambia ni vumbi. Mama amenipigia mara nne, na kila mara anaanza na kuniomba nisiendeshe tena, anamaliza na kuniuliza mizunguko ya Septemba ni tarehe ngapi.

Uliyoyaona siyarudii. Mkaguzi alivyopiga magoti kuitazama pedali, akauliza hiki ni nini, nawe ukamjibu "gia," ukaendelea kufuta tangi mpaka akaandika kwamba imepita. Mama alivyofumba macho mizunguko yote, halafu akamsimulia mkaza mjomba kila kona. Wewe juu ya ndoo unapunga tambara la mafuta. Nilikuona. Kila mzunguko nilikuona.

Lakini kuna pahali hukuona, ile kona ya kushoto ya nyuma, inayojificha nyuma ya jengo la matairi. Nataka nikuambie ya pale.

Mzunguko wa kwanza niliumaliza wote kwa gia ya tatu. Najua ulimwambia mama kwamba napasha tairi joto. Nilikuwa naogopa. Nilipita mbele yenu na gia ya tatu inalia, nikasema nafsini basi, inawezekana, nitamaliza hivihivi na hakuna atakayejua. Halafu nikakumbuka herufi zako kubwa.

Mzunguko wa pili, kwenye kona hiyo, niliilaza pikipiki kushoto kabisa. Kisigino kilishuka, nikasubiri ishtuke. Haikushtuka. Ilipita kona imetulia, ukingo wako umeushika mguu pahali pake. Nikatoka kwenye kona, peke yangu, hakuna mtu wa kunitazama. Nikageuza kisigino ndani. Nikakanyaga. Ikaingia nne, laini, kama haijawahi kufanya vingine. Nikakanyaga tena, tano. Nilipiga kelele ndani ya helmeti mpaka masikio yakaniuma mwenyewe. Yule mwanamume wa suti ya manjano niliyempita pale mbele yenu alikuwa wa kwanza kukutana na furaha yangu, niombeeni radhi kwake. Sita niliiingiza mbele ya ndoo yako, ili uisikie.

Na baadaye, mzunguko wa nne au wa tano, nilikuwa naingia kona hiyohiyo nikawaza breki, nikawaza lami, nikawaza yule wa mbele yangu. Nilipotoka ndipo nikagundua kwamba mguu sikuuwaza hata kidogo. Mwaka mzima sijapata dakika kama hiyo.

Mguu wenyewe uko vilevile. Kwenye ngazi ya basi niliuburuza, kondakta akanishika mkono. Sikumchukia. Nilimwambia asante kwa sauti kubwa.

Umesema sikio la nyuma ungependa kulisogeza kidogo tena kabla ya Septemba, nikurudishie viatu uvipime. Vimo ndani ya kifurushi hiki. Safari hii sikuvipiga rangi wala sikuvifuta. Kigeuze cha kushoto, Mjomba. Ncha unaijua. Tazama kisigino: pedali yako imeacha alama.

Kisulisuli